Wasomaji Wauliza: Protini za Kimelea cha Malaria na Wanaozichunguza Maabarani

Toleo lililopita lilikuwa na makala fupi kuhusu watafiti wa biokemia wanaochunguza protini za kimelea cha malaria, na barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko tulivyozoea kupokea kwa jambo la kimaabara. Waandishi wa barua hizo wametofautiana kwa maneno, lakini wengi wao wameuliza jambo moja: protini hizo zinamhusu nini mtu aliyekaa kwenye benchi la zahanati akimpakata mtoto mwenye homa? Zinamhusu moja kwa moja. Kipimo anachopimwa, kidonge anachomeza na chanjo anayodungwa mtoto wake, kila kimoja kinategemea protini fulani za kimelea au kinaweza kudhoofishwa nazo, na zikibadilika, nasi hatuna budi kubadilika. Nimechagua barua sita za kujibu.

Mtoto wangu wa miaka minne aliugua malaria, akapimwa kwa kipimo cha haraka, akapewa dawa mseto na akaimaliza yote. Alipona kabisa. Wiki mbili na siku kadhaa baadaye alipata mafua na homa kidogo, akapimwa tena kwa kipimo cha aina ileile, kikaonyesha ana malaria. Je, dawa ilikuwa bandia, au kipimo kinadanganya?
*Mama, Kasulu*

Pole kwa kuuguza, mama. Yawezekana kabisa kwamba dawa ilifanya kazi yake, na kipimo nacho kilionyesha kitu kilichokuwamo kweli katika damu ya mtoto. Kipimo cha haraka kinachotumika katika zahanati zetu nyingi hakikitafuti kimelea chenyewe. Kinatafuta protini ambayo kimelea cha aina ya Plasmodium falciparum hutengeneza kwa wingi kikiwa ndani ya chembe nyekundu za damu na kuimwaga humo. Watafiti huiita HRP2, na takribani theluthi moja ya asidi amino zinazoijenga ni za aina moja tu, yaani histidini, jambo ambalo si la kawaida katika protini.

Ndani ya kile kikasha cheupe cha plastiki mna ukanda mwembamba. Mhudumu huweka tone la damu kwenye kishimo kimoja na matone ya maji maalumu kwenye kingine. Maji yanapopanda kwenye ukanda hupita mahali palipowekwa kingamwili, yaani protini za kinga zinazonasa kitu kimoja maalumu, zilizoshikamanishwa na chembechembe ndogo mno za dhahabu. Kingamwili hizo huikamata HRP2 na kusafiri nayo hadi kwenye mstari ambako kingamwili nyingine zimewekwa zikiisubiri, na dhahabu inapokusanyika hapo kwa wingi ndipo jicho linaona mstari mwekundu. Kwa hiyo mstari ule unasema kwamba HRP2 imo katika damu, na hausemi zaidi ya hapo.

Vimelea vikishakufa kwa dawa, protini hii haitoweki siku hiyohiyo. Huendelea kuzunguka katika damu kwa wiki mbili au tatu, na wakati mwingine hata zaidi ya mwezi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halishauri kipimo cha HRP2 kitumike kuthibitisha kwamba mgonjwa aliyetibiwa amepona. Katika hali kama ya mwanao, kinachofaa ni damu kutazamwa kwa hadubini, kwa sababu hapo mpimaji anakitafuta kimelea chenyewe. Hata hivyo, usiyachukue maneno yangu kuwa ruhusa ya kuipuuza homa. Mtoto anaweza kuambukizwa upya, au vimelea vichache vilivyosalia vikaongezeka tena, na mwenye kulitofautisha hilo ni mhudumu aliye na hadubini mbele yake.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao unanitia wasiwasi zaidi kuliko ule uliokupata wewe. Mwaka 2010 watafiti waliripoti kutoka Peru vimelea ambavyo vimepoteza kabisa jeni ya HRP2 na bado vinaishi na kumuuguza mtu bila shida. Damu yenye vimelea hivyo inaweza isionyeshe mstari ule wa HRP2 hata mgonjwa akiwa hoi. Baadaye vimelea vya namna hiyo vilionekana kwa wingi katika Pembe ya Afrika, na Eritrea ililazimika kubadilisha aina ya vipimo vyake. Kanuni iliyowekwa ni kwamba, pale ambapo asilimia 5 ya wagonjwa wa malaria hii wanakosa kugunduliwa kwa sababu hiyo, nchi inapaswa kuhamia kwenye vipimo vinavyotafuta protini nyingine, hasa kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia) cha kimelea kiitwacho laktati dihidrojenesi. Kimeng'enya hicho hutoweka mapema zaidi baada ya vimelea kufa.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, nasoma PCB. Nimesoma kwamba watafiti "hutenga" protini za kimelea cha malaria. Wanaitoa wapi protini yenyewe, na wanalijuaje umbo lake? Na je, kazi hii hufanyika Ulaya na Marekani tu?
*Mwanafunzi, Songea*

Marahaba, mwanangu. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu wengi wanaoandika habari za sayansi huiruka hatua hii kana kwamba protini ni kitu cha kuagiza dukani.

Chanzo cha kwanza ni kimelea chenyewe. Hadi katikati ya miaka ya 1970 hakuna aliyekuwa ameweza kukikuza kimelea cha P. falciparum mfululizo nje ya mwili. Mwaka 1976 William Trager na James Jensen, wa Chuo Kikuu cha Rockefeller huko New York, walichapisha njia iliyofaulu. Walichukua chembe nyekundu za damu ya binadamu zenye vimelea, wakaziweka katika maji ya virutubisho yaliyochanganywa na seramu, wakaingiza sahani zake ndani ya mtungi wa kioo pamoja na mshumaa unaowaka, na mshumaa ulipozimika wakaufunga mtungi kabisa. Mshumaa ulikuwa umepunguza oksijeni na kuongeza kabonidayoksaidi, na hewa hiyo ndiyo iliyovifaa vimelea. Siku hizi maabara nyingi hutumia gesi iliyochanganywa kwa vipimo, lakini shughuli yenyewe haijabadilika sana: mtafiti hubadilisha maji ya virutubisho, huchukua tone, hulipaka kwenye kioo, hulitia rangi ya Giemsa, kisha huhesabu kwa hadubini ni chembe ngapi katika kila mia zenye vimelea. Kimelea huchukua takribani saa 48 kukua ndani ya chembe nyekundu, kugawanyika na kuipasua, na ratiba hiyo haiangalii Jumapili wala sikukuu.

Vimelea vilivyokuzwa hivyo hutoa protini kidogo sana, tena ikiwa imechanganyika na himoglobini na maelfu ya protini nyingine. Kwa sababu hiyo watafiti hutumia pia njia ya pili, ambayo ni kunakili jeni ya protini wanayoitaka na kuiingiza ndani ya kiumbe kingine kilicho rahisi kukuzwa, mara nyingi bakteria aina ya E. coli, ili kiumbe hicho kiwatengenezee protini hiyo kwa wingi.

Hapo ndipo kazi ngumu inapoanza, na ningependa uielewe kwa sababu ndiyo inayokula miaka ya watu. Jenomu ya P. falciparum ilichapishwa mwaka 2002. Ina kromosomu 14 na jeni zipatazo 5,300, na takribani asilimia 80 ya herufi zake za vinasaba ni A na T. Wakati huo, protini zipatazo 6 katika kila 10 zilizokisiwa kutokana na jeni hizo hazikufanana na protini yoyote iliyojulikana kazi yake kiasi cha kumwezesha mtu kusema zinafanya nini. Bakteria wa E. coli huandika vinasaba vyake kwa mtindo tofauti, na akipewa jeni ya kimelea hiki mara nyingi hukwama njiani au hutengeneza protini isiyojikunja inavyotakiwa. Mwaka 2006 kundi la watafiti wa Seattle, Marekani, lilichapisha matokeo ya kujaribu jeni 1,000 za kimelea hiki katika E. coli. Ni 337 tu zilizotoa protini iliyoonekana, na kati ya hizo 63 tu ndizo zilizotoa protini inayoyeyuka majini. Protini nyingine ziliganda madonge ndani ya bakteria, mithili ya ute wa yai uliochemshwa, na protini iliyoganda hivyo imepoteza umbo, na kwa kupoteza umbo imepoteza kazi. Ndiyo maana utawasikia watafiti wakizungumzia chembe za nzi wa matunda, hamira, au dondoo la ngano. Wote wanatafuta mahali ambapo protini ya malaria itakubali kujikunja sawasawa.

Tuseme protini imekubali. Mtafiti alikuwa amekwisha kuiunganishia mkia wa histidini sita. Bakteria hupasuliwa, maji yake huzungushwa kwa kasi ili mabaki yazame, kisha yale maji maangavu humiminwa kwenye bomba jembamba lililojazwa chengachenga zenye nikeli. Histidini hunata kwenye nikeli, kwa hiyo protini yenye mkia hubaki na nyingine hupita. Msomaji makini atakumbuka ile HRP2 ya kipimo cha haraka: kwa wingi wa histidini zake, yenyewe hunata kwenye nikeli bila kuhitaji mkia wowote. Baada ya hapo protini huachishwa, na sehemu ndogo huchemshwa pamoja na sabuni maalumu na kupitishwa katika jeli kwa nguvu ya umeme, ambako protini ndogo hukimbia na kubwa hubaki nyuma. Jeli ikitiwa rangi ya bluu, mtafiti hutazama kama kuna mstari mmoja tu, na kama umesimama mahali panapolingana na uzito alioutarajia. Nimewaona watu wazima wakishangilia mbele ya mstari mmoja wa bluu, nami ninawaelewa.

Kuhusu umbo, zipo njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuishawishi protini igeuke fuwele, kisha kuipiga kwa eksirei na kukokotoa mahali zilipo atomu zake kutokana na jinsi miale inavyotawanyika. Ya pili ni kuigandisha ghafla katika baridi kali na kuipiga picha maelfu kwa maelfu kwa hadubini ya elektroni. Siku hizi ipo pia programu ya AlphaFold, ambayo watengenezaji wake walishiriki Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2024. Programu hiyo hukisia umbo kutokana na mfuatano wa asidi amino. Inaokoa muda mwingi, lakini protini za kimelea hiki zina vipande virefu vyenye asidi amino zinazojirudiarudia, na katika vipande hivyo makisio hayategemeki, kwa hiyo kazi ya mikono haijaisha.

Na hapana, kazi hii haifanyiki ughaibuni tu. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, kuna kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1989 kwa ushirikiano wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, mfuko wa hisani wa Uingereza. Hapo mwanasayansi Mkenya Faith Osier na wenzake walitengeneza kigae kiitwacho KILchip, ambacho juu yake zimepangwa protini zaidi ya 100 za kimelea, ili tone la damu ya mtu mmoja lionyeshe kwa mara moja ana kingamwili dhidi ya zipi. Ukitaka kuifuata njia hii, usiifanyie mzaha kemia ya viumbe hai, na hesabu usiiache.

Je, mtafiti anayekuza vimelea vya malaria maabarani hawezi kuambukizwa na kuipelekea familia yake?
*Msomaji, Zanzibar*

Malaria haienezwi kwa hewa wala kwa kugusana. Vimelea vinavyokuzwa ndani ya chembe nyekundu vinaweza kumwambukiza mtu endapo damu hiyo itaingia mwilini mwake, kwa mfano akijichoma sindano au akijikata kwa kioo, na ajali za namna hiyo zimewahi kutokea katika maabara duniani. Kwa sababu hiyo sindano na vioo huepukwa kadiri inavyowezekana, glavu ni lazima, na mabaki yote huuawa kwa dawa au kwa mvuke kabla ya kutupwa. Hatari kwa familia ni ndogo mno. Maabara zinazofuga mbu walioambukizwa zina utaratibu wake mkali zaidi, wenye milango miwili na nyavu.

Zamani tulimeza SP na malaria ikaisha. Baadaye tukaambiwa haifai tena, tukaletewa dawa mseto. Sasa huku kwetu tunasikia kimelea kimeanza kuizoea na hiyo. Wakati huohuo mjukuu wangu mjamzito amepewa SP kliniki. Tatizo ni dawa au ni kimelea?
*Mzee, Karagwe*

Shikamoo, mzee wangu. Dawa haikuchuja. Kilichobadilika ni protini za kimelea, nami nitakueleza protini mbili, moja ya SP na nyingine ya dawa mseto.

SP ina dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, na moja yake ni pirimethamini. Kimelea kinahitaji foleti ili kitengeneze vinasaba vipya kinapogawanyika, na kimeng'enya kimoja, kinachoitwa kwa kifupi DHFR, ndicho kinachoiweka foleti hiyo katika hali ya kutumika. Kimeng'enya hicho kina kishimo ambamo foleti huingia. Pirimethamini huingia mle mle na kuziba, na kimelea hukosa njia ya kuzaliana. Sasa, protini ni mnyororo wa asidi amino, na katika nafasi ya 108 ya mnyororo huu kulikuwa na serini. Vikatokea vimelea ambavyo nafasi hiyo imeshikwa na asparajini, ambayo ni kubwa kidogo. Ukubwa huo mdogo unatosha kuisukuma pirimethamini isikae vizuri, ilhali foleti yenyewe bado inapita. Kisha yakaongezeka mabadiliko katika nafasi ya 51 na ya 59, na kila moja likaiongezea dawa ugumu. Tanzania iliifanya SP kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ikiichukulia nafasi klorokwini, lakini kufikia mwisho wa mwaka 2006 ilikuwa imekwisha kuhamia kwenye dawa mseto ya ALu.

Mwaka 2003 watafiti wa Thailand, nchi iliyoumizwa na usugu huo mapema kuliko sisi, walichapisha umbo kamili la kimeng'enya hicho, na ndipo ikaonekana kwa macho jinsi asparajini ile inavyogongana na kipande cha dawa. Kutokana na picha hiyo walibuni dawa nyingine, P218, yenye mwili unaoweza kujipinda ndani ya kishimo na kuepa mgongano, na imekwisha kujaribiwa kwa watu katika hatua za mwanzo. Natamani kila anayedhani utafiti wa umbo la protini ni anasa auone mfano huu.

Kuhusu mjukuu wako, amepewa SP kwa kinga, na hiyo ni tofauti na kutibu. Mjamzito aliyekulia penye malaria ana kinga yake kiasi, na tafiti nyingi zimeonyesha kwamba dozi za SP kliniki zinasaidia mtoto asizaliwe na uzito mdogo, hata mahali penye usugu. Amalize dozi zake kama alivyopangiwa na kliniki, na alale kwenye chandarua.

Protini ya pili inaitwa K13, na hii inakuhusu wewe uliye Karagwe moja kwa moja. Kimelea hula himoglobini ya chembe nyekundu, na mlo huo huacha chuma ndani yake. Artemisinini, ambayo ni mama wa dawa mseto zetu, huamshwa na chuma hicho ndipo inapokiua kimelea. Mwaka 2020 watafiti wa Hamburg, Ujerumani, walionyesha kwamba K13 ni mojawapo ya protini zinazokisaidia kimelea kuiingiza himoglobini ndani. Kimelea chenye K13 iliyobadilika huingiza himoglobini kidogo zaidi kikiwa bado kichanga, chuma kinapungua, na dawa haiamshwi ya kutosha. Kwa maneno mengine, kimelea hujinyima ili kinusurike hadi dawa ipungue mwilini. Badiliko la nafasi ya 561, ambapo ajinini imekuwa histidini, liliripotiwa Rwanda mwaka 2020, na baadaye likathibitishwa Kagera, Karagwe ikiwamo.

Neno la kitaalamu kwa hali hii ni usugu wa sehemu, na maana yake ni kwamba vimelea vinachelewa kuisha katika damu, ilhali dawa mwenza iliyo ndani ya kidonge kilekile humalizia kazi. Dawa mseto bado inaponya. Lakini anayemeza nusu ya dozi na kuiweka nusu akiba, au anayenunua vidonge viwili vitatu vya kuonja, anaviachia vimelea hivyo nafasi. Wale watafiti waliokuja kwenu kutoboa watu vidole wanafuatilia badiliko hilo lilipofika, na ningekuomba uwapokee.

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya watoto. Wazazi huniuliza kwa nini chanjo ya surua inakinga karibu kabisa kwa dozi mbili, ilhali ya malaria ina dozi nne na mtoto bado anaweza kuugua. Mimi mwenyewe nimeugua malaria mara nyingi tangu utotoni. Kwa nini mwili haujifunzi?
*Muuguzi, Kisumu*

Dada muuguzi, kirusi cha surua kina jeni sita. Kimelea cha malaria, kama nilivyomwambia mwanafunzi wa Songea, kina zipatazo 5,300, na kinabadilisha protini zake za nje kila kinapohama kutoka kwa mbu kwenda kwenye ini, na kutoka kwenye ini kwenda kwenye damu. Kingamwili iliyojifunza sura moja haitambui nyingine.

Chanjo ya RTS,S, ambayo utengenezaji wake ulianza mwaka 1987, inailenga protini iitwayo CSP inayofunika kimelea kinapotoka kwa mbu. Katikati ya protini hii kuna asidi amino nne zinazorudiwa mara nyingi kwa mfuatano uleule, na watafiti walikichukua kipande cha marudio hayo pamoja na sehemu ya mwisho ya CSP, wakakiunganisha na protini ya kirusi cha homa ya ini aina ya B ili mwili ukione vizuri. Katika jaribio kubwa lililofanyika katika nchi saba za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, dozi nne zilipunguza matukio ya malaria kwa takribani asilimia 36 katika muda wa miaka minne kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021, na R21, inayoilenga CSP hiyohiyo, ikapendekezwa mwaka 2023 baada ya majaribio yaliyohusisha pia watoto wa Kilifi na Bagamoyo. Ugumu wa CSP ni wa muda: mbu huingiza vimelea vichache, navyo hukimbilia ini. Kimoja tu kikiponyoka kingamwili, kitatoa humo maelfu ya vimelea vya damu ambavyo havina tena CSP juu yake. Waambie wazazi kwamba chanjo inapunguza nafasi ya mtoto kuugua na kulazwa, na kwamba chandarua kinabaki palepale.

Kuhusu kujifunza kwa mwili wako: kimelea kikiwa ndani ya chembe nyekundu hutoa nje yake protini iitwayo PfEMP1, ambayo huinatisha chembe hiyo kwenye kuta za mishipa ili isipelekwe kwenye bandama kuharibiwa. Kila kimelea kina jeni zipatazo 60 za protini hii, kila moja ikiwa na sura yake, na hutumia moja kwa wakati. Mwili unapoijua hii, baadhi ya vimelea vimekwisha kuvaa nyingine. Mwili hujifunza, ila hujifunza sura moja baada ya nyingine kwa miaka, na watoto wadogo ndio wanaolipa gharama ya masomo hayo.

Mojawapo ya sura hizo, VAR2CSA, hunata kwenye kondo la nyuma. Utafiti wa Michal Fried na Patrick Duffy, uliochapishwa mwaka 1996 kutokana na kazi iliyofanyika huko kwenu magharibi mwa Kenya, ulionyesha kwamba chembe zenye vimelea hushikilia sukari fulani iliyo kwenye kondo, na protini yenyewe ikatambuliwa miaka michache baadaye. Mwanamke aliyeugua malaria tangu utoto hajawahi kukutana na sura hiyo kwa kuwa hakuwa na kondo. Ndiyo maana mimba ya kwanza ina hatari kubwa kuliko zinazofuata.

Watafiti sasa wanatafuta protini ambayo kimelea hakiwezi kuibadilisha kwa urahisi. Iliyonipa matumaini zaidi ni RH5. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba kimelea hakiingii katika chembe nyekundu bila RH5 kushikamana na protini ya binadamu iitwayo basijini, na vimelea vya sehemu mbalimbali duniani vina RH5 zinazotofautiana kidogo sana. Chanjo yake ilijaribiwa Bagamoyo kwa watu wazima, watoto na wachanga, na wachanga ndio waliotengeneza kingamwili nyingi zaidi. Jaribio lililofuata huko Burkina Faso lilipunguza malaria kwa hadi asilimia 55 katika miezi sita. Ningependa kuiona siku moja ikiwekwa pamoja na CSP katika sindano moja, ili kitakachoponyoka mlango wa ini kikutane na kizuizi kwenye damu.

Watafiti wameomba damu ya mwanangu ambaye haumwi. Damu ya mtoto mzima inawafaa nini?
*Mzazi, Muheza*

Inawafaa kwa sababu haumwi. Mtoto anayeumwa na mbu walewale wanaowauma wenzake, lakini haugui sana, huenda ana kingamwili dhidi ya protini ambayo wenzake hawajaijua bado, na damu yake ndiyo inayoweza kutuonyesha protini hiyo. Huko kwenu Muheza kazi ya namna hii imekwisha kuzaa matunda. Watafiti walilinganisha kingamwili za watoto waliokuwa na kinga na za wale waliougua, wakatafuta ni protini zipi za kimelea zilizotambuliwa na kundi la kwanza peke yake. Mojawapo ya zilizopatikana ni PfGARP, iliyotangazwa mwaka 2020. Iko juu ya chembe nyekundu yenye kimelea, na kingamwili ikiishika, kimelea hujiua kikiwa ndani. Sasa inachunguzwa kwa ajili ya chanjo.

Una haki ya kukubali au kukataa, na ukikataa mwanao hatanyimwa matibabu yoyote. Kabla ya kutia sahihi, waombe fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiswahili na uisome yote, au usomewe. Waulize watachukua kiasi gani cha damu, itahifadhiwa kwa muda gani, kama itasafirishwa nje ya nchi, na kama utafiti una kibali cha maadili cha taifa kinachotolewa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Waulize pia watarudi lini kuwaeleza wanakijiji walichokipata, na uandike jina la mtu atakayewajibika kwa ahadi hiyo. Unaweza kumwondoa mtoto katika utafiti siku yoyote, hata kama umekwisha kutia sahihi, na huhitaji kueleza sababu.